KOLITO: JINA LILILOFUTIKA KATIKA BARABARA YA BAGAMOYO

Mtu atokaye Mwenge kwa daladala akielekea Tegeta hana budi kuipita Lugalo. Utingo hulitaja jina hilo mara nyingi kwa siku, wagonjwa hushuka hapo kwenda hospitali kuu ya jeshi, na watoto wa Kinondoni wanalijua tangu hawajajua kusoma. Waliopata kuingia darasani wanajua pia kwamba Lugalo ya asili iko Uheheni, mahali ambapo tarehe 17 Agosti, 1891, mashujaa wa Mtwa Mkwawa waliuangamiza msafara wa jeshi la Wajerumani na kumwua mkuu wake, Emil von Zelewski. Ni jina la heshima, na kambi ya jeshi la taifa huru imestahili kuitwa hivyo. Mwandishi wa safu hii hana ugomvi nalo.

Ila kambi ile haikuzaliwa na jina hilo. Katika siku za Waingereza, na hata bendera ya Uhuru ilipopandishwa Desemba 1961, iliitwa Kolito. Ukitaka kujua jinsi jina hilo lilivyofutika, keti barazani na watu wa makamo wa Magomeni, au vuka mji uende Temeke, kisha uliza Kolito ni nini. Wengi watatikisa kichwa. Wachache watakujibu kuwa Kolito ndiko askari walikoasi mwaka 1964. Aliyejibu hivyo hakukosea, lakini amekupa mkia wa habari na kichwa hajakiona.

Kolito si neno la Kizaramo wala la Kiingereza. Ni mji wa kusini mwa Ethiopia, karibu na mto Bilate, katika njia itokayo Shashamane kwenda Soddo. Siku hizi huitwa Halaba Kulito. Mahali hapo, tarehe 19 Mei, 1941, askari wa Tanganyika wa kikosi cha Keya ya Sita walipigana na Wataliani na vifaru vyao, wakawashinda. Waingereza walikuwa na desturi ya kuzipa kambi majina ya mapigano, nao wakalileta jina hilo Dar es Salaam. Kambi ya Tabora wakaiita Kalewa, kwa jina la mji wa Burma ambako Waafrika Mashariki walipita wakipigana mwishoni mwa mwaka 1944. Leo Kalewa ni Milambo na Kolito ni Lugalo. Majina mawili ya ugenini yalitoka, yakaingia mawili ya mashujaa wetu. Lakini damu iliyomwagika chini ya majina yale ya kwanza haikuwa ya ugenini.

Kabla ya kuendelea, yafaa kuwakumbusha ndugu zetu wa Visiwani jambo ambalo huenda wazee wao walilijua kuliko sisi wa bara. Bandari za Benadir, yaani Barawa, Merka, Mogadishu na Warsheikh, katika karne ya 19 zilikuwa chini ya Sultani wa Unguja. Wataliani hawakuzipata kwa upanga. Mwaka 1892 walipangishwa, na mwaka 1905 wakazinunua kabisa kwa pauni 144,000, kama mtu anunuavyo shamba la mikarafuu na watu waliomo ndani yake. Kismayu nayo, ambayo ilikuwa ya Sultani kabla ya kuingizwa katika himaya ya Waingereza, mwaka 1925 ilikabidhiwa kwa Italia pamoja na sehemu kubwa ya nchi ya Juba, iwe tuzo kwa kuwa upande wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Miaka 15 baadaye aliyepewa tuzo akamgeuzia mizinga aliyemtunza. Kwa hiyo vijana wa Tanganyika walipopelekwa upande ule walikuwa wakitumwa kwenda kurudisha kitu ambacho bwana wao alikuwa amekigawa kwa hiari yake. Tena hawakuwa wakienda nchi ya kigeni kabisa. Visiwa vya Kismayu ni vya Wabajuni, na wenyeji wa Barawa husema Chimiini, lahaja ya Kiswahili hiki hiki.

Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni, 1940. Kwa watu wa Afrika Mashariki adui huyo hakuwa mgeni masikioni. Mnamo Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini yalikuwa yameivamia Ethiopia, yakatumia hata hewa ya sumu, na tarehe 5 Mei, 1936, yakaingia Addis Ababa. Baada ya Juni 1940 Wataliani wakaitwaa Moyale upande wa Kenya, na katika mwezi wa Agosti wakaiteka Somalia ya Waingereza yote. Walikuwa na askari zaidi ya robo milioni katika sehemu hii ya Afrika. Upande wa Kenya ulinzi ulikuwa mwembamba: vikosi vya Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa, ambavyo baadaye viliongezewa wenzao wa Nigeria, Ghana (wakati huo Gold Coast) na Afrika Kusini.

Katikati ya majeshi hayo mawili lilikuwapo jangwa. Mtu aliyezoea minazi ya Temeke na unyevu wa pwani ni vigumu kuiwaza nchi ile. Kaskazini ni Chalbi, uwanda mweupe wa chumvi na vumbi usio na mti wa kumpumzisha ndege. Mashariki, kutoka mto Tana mpaka mto Juba, ni karibu kilometa 500 za miiba na mchanga, na visima vyake ni vya kuhesabu kwa vidole. Ng'ambo ya Juba Wataliani walijichimbia mahandaki, lakini ngome yao hasa ilikuwa ni lile jangwa. Walijua kwamba jeshi haliwezi kwenda mahali pasipo na maji, na kwamba kila debe la maji lingepaswa kubebwa kwa lori kutoka nyuma, pamoja na petroli ya lori lenyewe, pamoja na unga, pamoja na risasi. Mkuu wa majeshi ya upande wetu, Jenerali Alan Cunningham, naye aliona hivyo hapo mwanzo, akawaza kungoja mpaka baada ya mvua za masika. Baadaye akabadili shauri na kuamua kushambulia katika Februari 1941, wakati wa ukavu mtupu.

Hapo ndipo uzito wa kazi ulipowaangukia wale ambao vitabu vya majemadari haviwatazami kwa muda mrefu: madereva, makuli wa jeshi, watengeneza njia, wapishi, waliochimba visima na waliosukuma malori yaliyozama mchangani mpaka kwenye ekseli. Afmadu ilitwaliwa tarehe 11 Februari. Kismayu ikaanguka tarehe 14. Mto Juba ukavukwa, na ngome ya Jilib ikazungukwa na kutekwa tarehe 22. Siku tatu tu baadaye, tarehe 25, majeshi yakaingia Mogadishu. Kutoka hapo yakakata kaskazini katika nyanda kavu za Ogaden, yakapanda milima, yakaitwaa Harar tarehe 26 Machi, na tarehe 6 Aprili yakaingia Addis Ababa. Brigedi iliyoongoza kuingia katika mji mkuu huo ilikuwa ya 22 ya Afrika Mashariki, na ndani yake ilikuwamo Keya ya Sita, watu wa Tanganyika. Safari ya kilometa zipatazo 2,700 ilikuwa imechukua siku 53. Hesabu za Waingereza wenyewe zinaonyesha kuwa waliouawa katika siku hizo upande wao hawakufika 150.

Idadi hiyo ndogo isitudanganye tukadhani ilikuwa matembezi. Wala tusisahau ni nani waliokuwa upande wa pili. Sehemu kubwa ya jeshi la Italia ilikuwa ya Waafrika: watu wa Eritrea, Wasomali, na hata Waethiopia. Wataliani waliwaita ascari, yaani neno letu lile lile lenye asili ya Kiarabu. Basi katika jangwa lile askari alimpiga risasi askari, Mwafrika akamwua Mwafrika, kila mmoja akila unga wa bwana wake. Wakoloni waligawana mpaka jina la mtumishi.

Kuingia Addis Ababa hakukumaliza vita. Haile Selassie alirudi katika mji wake tarehe 5 Mei, 1941, miaka mitano kamili baada ya Wataliani kuuteka, lakini majeshi makubwa ya Italia yalikuwa bado yamejikusanya kusini, katika nchi ya maziwa. Keya ya Sita ikateremshwa huko. Na sasa mvua ilikuwa imeanza. Wale wale ambao mwezi wa Februari walipimiwa maji kwa kikombe, mwezi wa Mei walikuwa wakikokota mizinga katika tope la kuzamisha magoti.

Siku ile ya tarehe 19 kombania mbili zilikuwa zimekwisha uvuka mto Bilate na kushika eneo dogo upande wa adui, bila silaha yoyote ya kupigia vifaru. Vifaru vya Wataliani vikatokea kichakani vikiwajia kwa nyuma. Sajini Nigel Leakey, Mzungu mzaliwa wa Kenya na ndugu wa ukoo wa yule mchimbaji mashuhuri wa Olduvai, alikirukia kifaru cha kwanza, akakifungua kifuniko chake na kuwapiga kwa bastola waliokuwa ndani. Kisha akaenda kuvivizia vingine pamoja na wenzake, akakipanda kimoja, na hapo rashasha ya kifaru kingine ikamwangusha. Shambulio la vifaru likavunjika, vita vikaendelea, na Wataliani wakashindwa. Siku tatu baadaye Soddo nayo ikatekwa, na majenerali wa Kitaliani wakawa mateka. Leakey alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani kuu kuliko zote za Uingereza, na habari yake ikatangazwa Novemba 1945.

Ushujaa wake ni wa kweli na hatuuonei kijicho. Lakini soma masimulizi ya siku hiyo yanayojulikana sana, halafu utafute majina ya askari waliovuka naye mto, waliokaa katika eneo lile dogo wakivitazama vifaru vikija nao hawana kitu mkononi zaidi ya bunduki. Katika vitabu vilivyoandikwa na maofisa, askari aghalabu ni tarakimu: kombania fulani, waliokufa kadhaa, waliojeruhiwa kadhaa. Wakati ule hapakuwapo na Mwafrika hata mmoja wa Keya aliyekuwa na cheo cha ofisa. Asiyekuwa ofisa hakuandika ripoti, na asiyeandika ripoti habari yake ilisimuliwa na mwingine.

Liko jibu moja ambalo hutolewa upesi sana: vile vilikuwa vita vya Wazungu, na vijana wetu walikokotwa tu. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Watu wa Tanganyika wapatao 87,000 walitumika katika vita vile, na wako walioandikishwa kwa kulazimishwa. Waliotumikia bendera ya Mwingereza waliitumikia bendera iliyokuwa imewakalia wao wenyewe. Hata hivyo jibu hilo ni fupi mno. Katika vita vyote walivyopelekwa, huu wa jangwani ndio uliokuwa na maana iliyo karibu nao: nchi ya Kiafrika iliyonyang'anywa uhuru wake ilirudishiwa, na waliofanya kazi ya kuirudishia, bega kwa bega na wazalendo wa Ethiopia wenyewe, walikuwa Waafrika kwa sehemu kubwa. Mji ule waliouingia Aprili 1941 ndio ambao mwaka 1963 viongozi wa Afrika walikutana na kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Shaaban Robert, ambaye hakuwa kibaraka wa mtu, alipotunga utenzi wake mrefu juu ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945 aliuita Utenzi wa Vita vya Uhuru. Jina hilo hakulichagua kwa bahati mbaya. Na waliorudi kutoka vitani hawakurudi kama walivyokwenda: Abdulwahid Sykes, aliyetumikia Keya huko Burma, baadaye alikuwa miongoni mwa viongozi wa TAA na waanzilishi wa TANU mwaka 1954.

Sasa turudi katika Barabara ya Bagamoyo. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari, 1964, siku nane baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, askari wa Tanganyika Rifles waliokuwa katika kambi ya Kolito waliasi. Walidai mishahara mizuri zaidi, na walidai maofisa wa Kiingereza waondoke. Tarehe 25 makomando wa Uingereza waliteremshwa kwa helikopta kutoka manowari ya Centaur, wakaishambulia kambi na kuyazima maasi. Serikali ikalivunja jeshi lile, na tarehe 1 Septemba, 1964, likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Maasi yalikuwa kosa kubwa. Yaliifedhehesha nchi iliyokuwa na umri wa miaka miwili na kuilazimisha kuomba msaada kwa mtawala wa jana. Hilo halina utetezi. Lakini tazama jinsi mambo yalivyofungana. Mwaka 1941 askari wa Keya ya Sita walishinda Kolito bila kuwa na ofisa mmoja wa rangi yao. Miaka 23 baadaye, katika kambi iliyopewa jina la ushindi huo huo, askari wa taifa huru walikuwa bado wanaamriwa kwa wingi na maofisa wa Kiingereza, nao wakachukua bunduki kwa ajili ya jambo hilo.

Tangu hapo jina la Kolito likawa ni jina la aibu. Lilipoondolewa hakuna aliyelilia, na aliyelilia angedhaniwa anawalilia waasi. Hivyo ndivyo ushindi wa Mei 1941 ulivyofunikwa na fedheha ya Januari 1964, na watu wa mara ya kwanza wakalipa deni la watu wa mara ya pili.

Katika wilaya hiyo hiyo ya Kinondoni, kandokando ya barabara hiyo hiyo, yako makaburi ya vita ya Dar es Salaam, yenye nyasi zilizokatwa vizuri na mawe yaliyopangwa safu kwa safu. Yaliwekwa hapo mwaka 1968, wakati makaburi ya zamani ya Ocean Road yalipohamishwa kupisha barabara mpya. Mle ndani wamo zaidi ya 1,700 wa Vita Kuu ya Kwanza na kama 40 tu wa Vita ya Pili. Wakati wa kuwahamisha iligundulikana shida moja: sehemu walizozikwa Waafrika, Wakristo na Waislamu, hazikuwa zimewekewa alama ya mtu mmoja mmoja. Basi wakazikwa upya katika makaburi ya pamoja, na kila kaburi likajengewa ukuta wa ukumbusho. Mzungu ana jiwe lake. Mwafrika ana ukuta wa wengi. Ile sanamu ya Askari iliyosimama katikati ya mji tangu mwaka 1927 ni ya vita ile ya kwanza. Waliokufa kwa ajili ya Kolito hawamo kwenye sanamu hiyo, na jina lililokuwa kumbukumbu yao mjini mwetu tumekwisha liondoa.

Hatusemi jina la zamani lirudishwe. Lugalo ibaki Lugalo. Tunalowaomba wahusika ni jambo dogo na halina gharama kubwa: pawepo mahali panapoonekana na raia, nje ya lango la kambi au kando ya barabara, kibao chenye maelezo ya mistari michache, kwamba kambi hii iliitwa Kolito, na Kolito ilikuwa nini. Makumbusho ya Taifa yanaweza kufanya zaidi. Kila mwaka mwezi wa Julai maelfu ya watu humiminika Temeke kwenye viwanja vya Sabasaba, Barabara ya Kilwa, wakiwamo wageni wengi wanaovuka bahari kutoka Unguja na Pemba. Na katika mwezi huo huo, tarehe 25, taifa huadhimisha Siku ya Mashujaa. Banda moja lenye ramani ya safari ile kutoka Tana hadi Addis Ababa, picha chache, na orodha ya majina, lingewafundisha vijana kuliko hotuba kumi.

Orodha hiyo ndiyo kazi yenyewe, na haivumilii kungoja. Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku ya Kolito, kama angekuwa hai leo, angekuwa amekwisha pita miaka 100. Hatuna tena wa kuwauliza barazani. Zimebaki karatasi na watoto wao. Katika nyumba za Temeke, Kinondoni, Ng'ambo na Chake Chake huenda bado yako masanduku yenye nishani iliyoshika kutu, kitabu cha mshahara cha Keya, au barua iliyoandikwa kutoka kaskazini. Wenye masanduku hayo wasiyatupe wanapohama. Shajara za vita za vikosi vya Keya zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, karibu na London, na anayeomba huruhusiwa kuzisoma. Na Nairobi, katika makaburi ya vita ya mji huo, iko Kumbukumbu ya Afrika Mashariki iliyochorwa majina ya waliokufa katika safari ile wasijulikane walikozikwa. Jina la Sajini Leakey liko pale, kwa sababu mwili wake haukuonekana. Atakayetumwa na Serikali kwenda kuanza kazi hii aanzie katika ukuta huo, na asome majina yaliyo kando yake.